Kusema Unachokiweza

Mezani pana kadi ndogo yenye maneno saba: jina, umri, nchi, makazi, lugha, kazi, na lile neno ambalo Kiswahili hakijalipatia makao ya kudumu, hobi. Watahiniwa wasiozidi wanne hukaa mbele ya watahini wawili, na kila mmoja hujitambulisha kwa kuyafuata maneno hayo. Akishamaliza huombwa aendeleze jina lake herufi kwa herufi, kisha ataje namba, aghalabu ya simu. Katika sehemu ya pili huokota kadi yenye neno moja, kama vile nyama au Jumapili, akamwuliza mwenzake swali lenye neno hilo, na mwenzake akajibu. Katika sehemu ya tatu kadi zina picha. Kwa picha hiyo mtu huomba kitu, na mwenzake humpa au humnyima kwa adabu. Yote hayo huchukua kama dakika 15. Huo ndio mtihani wa kusema wa Kijerumani wa daraja la kwanza, uitwao Start Deutsch 1, unaosimamiwa na Goethe-Institut. Kusema peke yake kuna alama 25 katika 100, na anayefikisha 60 kwa jumla hupata cheti.

Dakika 15 si kitu. Ila kwa baadhi ya watu dakika hizo ndizo mlango wa nyumba yao wenyewe. Tangu tarehe 28 Agosti 2007 sheria ya Ujerumani inamtaka mke au mume atokaye ng'ambo kumfuata mwenziwe athibitishe, kabla hajasafiri, kwamba anaweza kujieleza kwa Kijerumani chepesi. Sababu zilizotolewa zilikuwa mbili: kuwakinga wanawake wasiozwe kwa nguvu, na kuwasaidia wageni wasiwe mabubu huko waendako. Zote mbili zina sura njema. Lakini sheria hiyo hiyo haimdai cheti mke wa Mmarekani anayeishi Ujerumani, ilhali mke wa Mjerumani mwenyewe anadaiwa, kana kwamba ububu huchagua pasi ya mume.

Mji wa Moshi na vijiji vilivyo juu yake mlimani, Machame, Kibosho, Old Moshi, Marangu, vina ujirani wa zamani na Wajerumani. Wamisionari wa Leipzig waliweka makazi yao Machame mwaka 1893, na wakati huo wao ndio waliolazimika kukaa chini na kujifunza kusema, mbele ya wazee waliokuwa watahini wasio na karatasi. Leo lugha ya Kijerumani husikika mlimani kila msimu wa wageni, na wako waongozaji wa mlima walioiokota njiani, hatua kwa hatua, bila darasa. Kwa hiyo mtu wa Moshi anayejifunza lugha hiyo hafanyi jambo la ajabu. La ajabu ni yale yanayomkuta anapofika kwenye kadi yenye maneno saba.

Na achukuliwe binti wa Machame, ambaye si fulani bali ni mfano wa wengi. Mumewe yuko Hamburg. Asubuhi huteremka kutoka kihambani kwao, penye migomba na mibuni, akapanda daladala hadi mjini kwa mwalimu wake, na jioni hurudi akijisemea kimoyomoyo. Siku moja mwalimu anawataka wanafunzi waseme habari za jamaa zao. Binti anataka kusema ana ndugu kumi na mmoja, kwa kuwa watoto wa baba mdogo ni ndugu zake. Wamelala kitanda kimoja na kula sahani moja. Anaambiwa hapana: kwa Kijerumani hao si ndugu, wana jina lao jingine, na neno la ndugu ni kwa waliozaliwa na wazazi wamoja tu. Anahesabu upya na kupata watano. Lakini wa tano, kaka yake mkubwa, amefariki, na hajui kulisema hilo kwa Kijerumani. Mwalimu, ambaye ni mtu mwema na anataka wanafunzi wake wafaulu, anampa nasaha ambayo walimu wa lugha duniani kote huwapa wanafunzi wao: usiseme kilicho kweli, sema unachokiweza. Sema wanne.

Binti anaandika: nina ndugu wanne. Sentensi ni sahihi, matamshi ni mazuri, alama zipo. Usiku inamnyima usingizi.

Wapo watakaosema kwamba hapa hapana swali. Mtihani ni mchezo, na anayecheza hasemi uongo, kama vile mwigizaji anayeitwa Othello jukwaani hajamdanganya mtu kuhusu jina lake. Mtahini hataki kujua idadi ya ndugu. Anataka kusikia kama kitenzi kimekaa mahali pake. Wapo nao, hasa wazee wenye msimamo mkali juu ya ulimi, watakaosema kwamba neno likishatoka limetoka, na kumfuta kaka kwa ajili ya cheti ni kumfukia mara ya pili. Majibu yote mawili yana haraka. La kwanza linasahau kwamba mwigizaji hupewa jina la mtu mwingine, ilhali binti huyu ameambiwa ajieleze yeye mwenyewe. La pili linasahau umaskini wa msemaji: anayetoa senti tano kwa kuwa ndizo alizo nazo hajamdhulumu mdai wa shilingi.

Kabla ya kwenda mbele kuna shutuma nyingine ya kuondolewa njiani, nayo ni ya kukariri. Husemwa kwamba watahiniwa wa aina hii hawasemi, wanakariri tu, na kwamba maneno yaliyokaririwa si ya mtu. Mwaka 2014 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua shauri la mama mmoja wa Uturuki asiyejua kusoma, ambaye alikuwa amepata alama 62 katika mtihani huu huu. Ilielezwa kwamba kwenye maswali ya kuchagua alitia alama kwa kubahatisha, na kwamba sentensi tatu alizotoa alikuwa amezihifadhi kwa moyo. Ubalozi ulimnyima viza pamoja na cheti chake. Mahakama ilimpa haki kwa hoja nyingine, ya mapatano ya zamani baina ya Uturuki na Ulaya, wala haikugusa zile sentensi tatu.

Mtu wa pwani hawezi kuzidharau. Hapa watoto wameingia chuoni wakahifadhi maneno ya lugha wasiyoifahamu bado, na hakuna aliyewaambia kwamba maneno hayo si yao. Waliambiwa kwamba maana itawafuata. Bwana harusi hulishwa na kadhi maneno ya kukubali ndoa, neno kwa neno, naye huyarudia kwa sauti inayotetemeka. Hakuyatunga yeye. Pengine hata hakuyaelewa yote. Lakini akitoka hapo ana mke, na akijitetea kesho kwamba alikuwa anakariri tu, watu watamcheka kisha watamkasirikia. Huko juu Uchagani nako pana jani la isale, ambalo likipelekwa kwa uliyemkosea huwa ni ombi la msamaha lisilofaa kukataliwa. Jani ni lile lile kwa kila mkosaji, na hakuna anayeuliza mbona mwenzangu hukubuni jani lako mwenyewe. Uzito wa neno hauko katika upya wake. Uko katika kukubali kwako kushikwa nalo.

Basi binti hana lawama kwa kukariri. Akariri hata akiwa anapepeta mahindi. Swali ni kama yuko tayari kushikwa na neno wanne.

Hapa washairi wana la kumwambia, kwani nao wanaishi katika nyumba yenye dari fupi. Mtunzi aliyefungwa na mizani nane na kina cha mwisho hasemi kila alitakalo; husema lile linaloingia. Kwa sababu hiyo wataalamu wa bahari walimwachia ruhusa kadhaa na kuzipa majina: inkisari, ya kulikata neno lipate kuingia, mazida, ya kulirefusha, na tabdila, ya kuligeuza sauti zake kwa ajili ya kina. Ruhusa hizi zina mpaka ambao kila msikilizaji mzuri anaujua ingawa haukuandikwa. Neno laweza kukatwa mkia, lakini maana isikatwe kichwa. Mtunzi aliyetaka kusema amefiwa, akaona kina hakimkubali, akasema ameoa, huyo hakutumia ruhusa yoyote. Huyo ameuza.

Kwa kipimo hiki madarasa ya Moshi yana watu wa aina mbili. Yuko anayeulizwa lugha azijuazo akataja Kiswahili, Kiingereza na Kijerumani kidogo, akaiacha Kichaga kwa kuwa itamlazimu aeleze kwamba Kimachame si Kirombo. Hiyo ni inkisari. Amesema pungufu ya kweli, na alichokisema ni kweli. Na yuko anayesema ni muuguzi, ilhali anauza vitenge sokoni, kwa sababu tu neno la muuguzi lilikuwa kitabuni na la muuza vitenge halikuwamo. Huyo wa pili hakufupisha kitu. Amejivua. Lile la hobi nalo liko karibu na hili: mtu ambaye saa zake za mapumziko ni kukata majani ya ng'ombe huambiwa aseme anapenda kuogelea. Hakuna aliyeumia kwa maneno hayo, lakini yanamfundisha mtu kwamba katika lugha mpya yeye si lazima awepo.

Mlima wenyewe umewahi kushuhudia jibu la inkisari lililokuwa bora kuliko vitabu. Tarehe 11 Mei 1848 Johannes Rebmann, mmisionari aliyekuwa akitokea Rabai karibu na Mombasa, alikuwa akikaribia nchi ya Wachaga pamoja na Bwana Kheri, mtu wa pwani aliyezijua njia za bara. Rebmann aliona weupe juu ya kilele. Alipomwuliza kiongozi wake weupe ule ni kitu gani, alijibiwa neno moja: baridi. Kwa mtazamo wa mtahini hilo ni jibu baya, kwa kuwa aliulizwa jina la kitu akataja hali ya hewa. Neno theluji halikutoka. Lakini kila kilichokuwemo ndani ya jibu hilo kilikuwa kweli, na Rebmann, mtoto wa nchi yenye majira ya baridi, alielewa papo hapo. Ajabu ni kwamba kule London William Desborough Cooley, msomi wa jiografia aliyekuwa na maneno tele na ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika, alikanusha kwa miaka mingi kwamba theluji ile ipo. Bwana Kheri alisema alichokiweza na hakuiacha kweli. Cooley aliweza kusema mengi.

Kati ya jibu lile na jibu la binti kuna tofauti moja kubwa, nayo haimo katika majibu. Imo katika maswali. Rebmann alitaka kujua.

Waongozaji wa Kilimanjaro wanaijua tofauti hiyo kuliko walimu. Mwongozaji anayempeleka Mjerumani kileleni, mita 5895, hutumia sentensi zile zile za daraja la kwanza: kichwa kinauma? umelala? umekula? Hakuna aliyesoma wiki tatu akashindwa kuziunda. Lakini mwongozaji akishauliza hungoja, na huangalia. Anajua kwamba mgeni amelipa fedha nyingi, ametoka mbali, na atasema hajambo hata kama kichwa kinapasuka, kwa kuwa anakitaka kilele. Anajua pia kwamba ugonjwa wa mwinuko humwua mtu aliyesema hajambo. Kwa hiyo huyasikiliza maneno, akaitazama miguu, na akiona mtu anayumba humteremsha hata kama sarufi yake ni safi. Hilo ndilo swali lenye mtu nyuma yake. Kijerumani cha mwongozaji huyo huenda kisimpatie alama 25, lakini kila neno lake linamtafuta yule anayeambiwa.

Na hilo neno hajambo lina siri yake. Kiswahili kimejengwa juu ya majibu ya kukariri. Mgonjwa aliye kitandani akiulizwa hujambo, hujibu sijambo. Aliyefiwa jana akiulizwa habari, hujibu nzuri. Mgeni asiyezijua tabia hizi hudhani watu wa hapa ni waongo wasio na haya. Haelewi kwamba jibu halijesha. Baada ya nzuri hufuata kituo kidogo, kisha huja neno ila. Nzuri, ila mtoto anaumwa. Sijambo, ila mguu huu haukunipa usingizi. Salama, ila tulimzika mzee juzi. Lile jibu la kwanza ni mkeka uliotandikwa. Anayekuja kukaa juu yake ni ila. Muulizaji mwenye adabu hulingoja neno hilo, na mwenye haraka hupita zake akidhani ameambiwa.

Kosa la mtihani ni kwamba hauna mahali pa kungojea ila. Uholanzi, iliyotangulia kuweka mtihani wa namna hii kwa wanandoa mwaka 2006, ilifika mbali zaidi: katika miaka yake ya mwanzo mtahiniwa alikwenda ubalozini, akapewa simu, na upande wa pili hapakuwa na mtu, palikuwa na kompyuta iliyosoma sentensi naye akazirudia. Angalau hapo hapana aliyejifanya anasikiliza. Chumba cha Start Deutsch 1 kina watu, tena mara nyingi watu wema wanaotabasamu, na ndiyo maana binti wa Machame anasumbuka. Mtu anamtazama usoni, anamwuliza habari zake, naye anamjibu kana kwamba hakuulizwa.

Wala sentensi ile haibaki ndani ya chumba. Baada ya cheti huja dirisha la ubalozi, na dirishani huulizwa maswali ambayo kwa maneno ni yale yale: jina, makazi, kazi, jamaa. Sasa jibu ni ushahidi na linaandikwa. Yule aliyezoea miezi sita kusema ni muuguzi atalazimika kukumbuka kwamba leo yeye ni muuza vitenge, na ulimi uliofunzwa hauna habari na leo. Nasaha ya mwalimu, usiseme kilicho kweli, ilikuwa nasaha ya mtihani, lakini hakuna anayesimama mlangoni kumwambia mwanafunzi mahali inapokoma.

Upande wa pili wa historia hii nao ukumbukwe na watu wa pwani, maana zamani walioketi kwenye kiti cha mwalimu walikuwa wao. Mwaka 1887 ilifunguliwa mjini Berlin shule ya lugha za mashariki, na Kiswahili kilifundishwa humo kwa msaada wa watu waliotoka huku. Amur bin Nasur, mtu wa Unguja, alikuwa mmoja wao. Mwingine ni Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, aliyefika mwaka 1900, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa mwaka 1903 na Carl Velten. Mtoro alikijua Kijerumani cha nyumbani na cha darasani. Mwaka 1904 alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, na mwaka uliofuata wakapanda meli pamoja kurudi Afrika Mashariki. Serikali ya kikoloni ilikataa wasishuke pamoja, ikawarudisha. Hakuna aliyempima matamshi. Angeweza kujibu maneno yote saba, na la kazi angelijibu vizuri kuliko wengi: mwalimu wa lugha. Alibaki Ujerumani hadi alipofariki mwaka 1927. Kisa chake hakisemi kwamba mtihani wa leo ni sawa na ukatili ule. Sheria ya leo inafundishika, na anayefaulu hupita. Kinasema tu kwamba lugha si mara zote ndiyo inayoulizwa pale lugha inapoulizwa.

Huko Machame binti amerudi kwa mwalimu na swali. Hataki kubadili sentensi yote. Muda haupo na mtihani ni Dar es Salaam wiki ijayo. Anataka neno moja la Kijerumani linalomaanisha lakini. Analijua tayari, limo katika somo la tatu, ni aber. Anataka la pili, la kusema kaka hayupo. Mwalimu anampa, silabi moja, nyepesi kuliko nyingi alizokwisha kuzimeza. Kisha anamwonya, na onyo lenyewe lina haki. Akiishia kwenye wanne, mtahini atapita kwa mwingine. Akiongeza lakini, mtahini huenda akainua kichwa, akasema pole, akauliza alikuwa na umri gani, lini, kwa maradhi gani. Na hapo binti hana maneno tena, atanyamaza, na kunyamaza kunakula alama.

Basi la Dar es Salaam huondoka Moshi mapema, na njia hupita Same, Mombo, Korogwe, ni safari ya siku nzima. Binti amekaa dirishani na daftari mapajani. Ukurasa wa habari za jamaa una sentensi ya kwanza kwa wino, na ya pili, fupi, kwa penseli.